Tone la Nne

Mimi ni fundi wa miwani. Nina duka langu, nina miaka hamsini na saba, na kwa miaka kumi na mmoja watu wazima wenzangu waliniita Chai. Sitaki kuonewa huruma. Nataka tu ieleweke nilikuwa nimebeba nini moyoni Jumamosi ile.

Kila Jumamosi saa kumi alasiri tulikutana sebuleni kwa Mzee Pipa. Mzee Pipa ana kiwanda cha vinywaji, na jina hilo amelipata kwa kiwanda na kwa tumbo, kila mtu achague. Tulikuwa watano. Yeye mwenyewe, kisha Hakimu, ambaye amestaafu lakini bado hukaa kana kwamba kuna mtu kizimbani, Daktari wa Ng'ombe, mwenye mikono mikubwa na maneno machache, shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, aliyeitwa Pua, na mimi.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Kila mmoja analeta chupa ya wiski anayoipenda, ameifunga kwenye gazeti, anamkabidhi mvisha soksi. Mvisha soksi anaingia jikoni, anafunga mlango, anaivalisha kila chupa soksi ndefu ya kuchezea mpira mpaka shingoni, kisha anazileta mezani kwa mpangilio anaoujua yeye. Watu wanamiminiwa kidogo, wananusa, wanaonja, wanabishana. Ni ya nani hii? Ni ya moshi au ya asali? Imelala kwenye pipa miaka mingapi? Mwishoni soksi zinavuliwa, na mwenye chupa anaeleza kwa nini anaipenda. Hapo ndipo palikuwa patamu. Hakimu alikuwa na yake ya moshi aliyoinywa siku binti yake wa kwanza alipozaliwa. Aliisimulia mara arobaini, na mara zote arobaini tulimsikiliza. Wiski ukiinywa peke yako ni pombe tu. Ukimpa mtu ile unayoipenda, ukamtazama anavyoimeza, ukasubiri uso wake ubadilike, hicho ni kitu kingine kabisa. Niliipenda meza ile kuliko nyumba yangu.

Zamani tulivisha soksi kwa zamu. Mwaka nilioaibika nilileta chupa yangu ya roho, wiski yenye harufu ya zabibu, niliyoinunua katika safari yangu pekee ya nje. Tatizo ni kwamba niliipenda mno. Kijiko kimoja kila jioni, kijiko kimoja kila jioni, mpaka Jumamosi ya kuipeleka inafika chupa ilikuwa nusu. Kupeleka nusu chupa ni kujitangaza mchoyo. Nikachemsha chai ya rangi, nikaipoza, nikajazia. Wenzangu watatu wakanywa, wakasifu. Pua akainua glasi, akanusa mara moja, hata hakuonja.

"Shemeji," akasema, "umesahau sukari."

Walicheka mpaka Daktari akatoka nje kupunga hewa. Hakimu akagonga meza akatoa hukumu: aliyetia chai kwenye wiski haonji tena na wenzake, atavisha soksi maisha yake yote. Nilidhani ni utani wa wiki mbili. Ikawa miaka kumi na mmoja. Nilivisha, nilimimina, niliosha glasi, na nikapewa mabaki nikanywee jikoni. Na Pua, mtu niliyempokea kwetu hana hata jozi ya pili ya viatu, hakupitisha Jumamosi moja bila kuniuliza kama maji yamechemka.

Unaweza kuuliza kwa nini sikuacha kwenda. Ningeenda wapi?

Kazi nyingine ya mvisha soksi ni maji. Wiski kali ukiitia maji kidogo harufu yake hufunguka, na sisi tulijiona wajuzi. Nilitia kwa kibomba cha kioo cha kudondoshea dawa ya macho, kutoka dukani kwangu. Wengine walinitajia wanataka matone mangapi. Pua hakutaja. "Nitilie unavyoona," alisema siku zote, kana kwamba ananifanyia hisani.

Mwaka jana, Jumanne mchana, mdogo wangu alikuja dukani nikiwa nasaga lenzi. Hakuketi. Alisimama mbele ya kile kioo cha kujaribia fremu, akawa anaongea na mimi kupitia kioo, hanigeukii.

"Kaka, mume wangu hasikii harufu."

"Harufu gani?"

"Yoyote. Tangu yale mafua. Jana maziwa yameungua, jikoni moshi umejaa, nimemkuta amekaa mle mle anasoma gazeti."

Nikazima mashine. Pua alikuwa mwonjaji mkuu wa kiwanda cha Mzee Pipa. Bila yeye kunusa, hakuna kilichotiwa kwenye chupa.

"Sasa kazini anafanyaje?"

"Maabara wana mashine zao, zinamwambia. Anachoogopa ni meza yenu. Mzee husema mashine anazinunua tu, anachokiamini ni pua. Akijua, Kaka, unga umemwagika. Na nyumba ni ya kiwanda. Wale watoto nitawapeleka wapi?"

Nitasema ukweli. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha. Cha pili ni aibu ya ile furaha. Halafu nikaona mabega ya mdogo wangu yanatikisika, mikono ameibana kwapani kama alivyokuwa akifanya utotoni akichapwa, nikasema basi, nyamaza, tutafanya njia.

Njia niliibuni mwenyewe, nikaiandika nyuma ya karatasi ya vipimo vya macho. Tone moja kwenye glasi ya Pua, ni ya moshi. Mawili, zabibu. Matatu, asali. Manne ni hatari: chupa imeharibika, usiisifu. Mengine angejisemea, maana maneno hayakuwahi kumpungukia.

Ikafanya kazi miezi saba. Jumamosi ya kwanza mkono ulimtetemeka mpaka nikaogopa glasi itaanguka. Aliyahesabu matone yangu kwa macho, midomo ikimcheza, kisha akafumba macho, akanusa hewa tupu, akatangaza: "Moshi. Mbao iliyochomwa, na chumvi kwa mbali." Mzee Pipa akapiga makofi. Tulipotoka, Pua alinishika bega getini, akaniambia Mungu anilipe, na machozi yalikuwa karibu.

Wiki ya nne alikuwa ameacha kutetemeka. Wiki ya nane aliniambia nitoe matone haraka haraka, naonekana kama naombea wagonjwa. Wiki ya kumi aliuliza, mbele ya wote, kama maji yamechemka.

Nataka ulielewe hili vizuri. Mtu alikuwa anakula kwa mkono wangu, na bado anautania ule mkono.

Ndipo Mzee Pipa alipotuletea habari. Kiwanda kingetoa wiski yake chenyewe, ya kwanza, iliyolala miaka minane. Kulikuwa na mapipa matatu, na moja lingechaguliwa mezani petu, na Pua, mbele ya mashahidi. Jina lake lingechapwa kwenye lebo. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule ule. Mzee akasema Pua akichagua vizuri, wanasaini papo hapo, miaka mitano, pamoja na nyumba.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo nilikuta Pua ananisubiri nje ya duka kabla sijafungua. Hakuwa amenyoa. Alinishika mikono yote miwili.

"Shemeji, leo ni leo. Mdogo wako hajalala."

"Usiwe na wasiwasi."

"Nakutegemea wewe tu."

"Nimekwambia usiwe na wasiwasi."

Na naapa nilikuwa namaanisha. Nilipoagana naye nilikuwa nimeamua kumsaidia kwa moyo safi, na nikajisikia mtu mwema mpaka saa kumi na nusu.

Jikoni kwa Mzee Pipa nilivisha chupa tatu soksi, kila moja imejazwa kutoka pipa lake. Huwa nazinusa kabla ya kupeleka. Ya kwanza ilikuwa zabibu kavu, safi kabisa. Ya tatu ilikuwa na moshi mwembamba, nayo safi. Ya pili ilikuwa imeharibika. Ilinuka godoro lililoloa likakunjwa likasahaulika stoo. Mzee mwenyewe hakuwa anajua. Alikuwa amejizuia kuonja ili ashangae mezani pamoja na sisi, ndivyo alivyoupenda mchezo. Nikajisemea, sawa, zabibu ni mawili, moshi ni moja, hii ya kati ni manne. Rahisi.

Mkataba ulikuwa juu ya kabati la vyombo, umewekewa kalamu. Pua alikuwa amevaa tai. Siku hiyo walikubaliana yeye aongee kwanza, wengine wasiguse glasi mpaka amalize.

Ya kwanza ilikwenda vizuri. Matone mawili, Pua akazungumzia zabibu, ngozi ya kiti kipya, tini. Wakaonja, wakatikisa vichwa. Hakimu akasema, "Huyu mtu ana kipaji cha kuzaliwa nacho."

Nikamimina ya pili. Nikainama na kibomba changu juu ya glasi yake. Pua alikuwa ameshavimba kichwa kwa zile sifa, tajiri wake kando yake anamtazama, akataka kuonyesha jinsi alivyotulia.

"Shemeji," akasema, "hakikisha ni maji tu humo. Mkataba wangu uko pale, usinichemshie."

Wakaangua kicheko. Mzee Pipa alicheka mpaka akampiga Pua mgongoni, na Pua akageuka kumtazama, ameng'aa, jicho moja bado kwenye glasi.

Tone moja. Mawili. Matatu.

Ningependa kusema mkono uliteleza. Haukuteleza. Tone la nne lilikuwa limeshatokeza kwenye ncha ya kioo, naliona kabisa, nikalegeza kidole likarudi ndani.

Pua akafumba macho. Akachukua muda wake, akaizungusha glasi, akaivuta hewa kwa tundu moja la pua kisha lingine. "Aaa," akasema. "Aaa, Mzee. Hii ndiyo."

"Kweli?"

"Asali. Asali ya maua meupe. Halafu tofaa lililoiva, halafu mwishoni kabisa, vanila. Safi. Mzee, safi kama kitoto kilichotoka kuogeshwa. Niandikie jina langu kwenye hii."

Wakainua glasi zao kwa furaha. Hakimu ndiye aliyenusa kwanza, akaishusha glasi polepole akamtazama Daktari. Daktari alikuwa ameshatia mdomoni. Akachomoa kitambaa akatema. Mzee Pipa alimeza, maana ni mali yake, kisha akabaki ameshika koo. Hakuna aliyesema neno, na Pua, aliyekuwa bado amefumba macho, akaudhani ule ukimya ni heshima. Akaendelea. Akataja karafuu. Akataja maziwa.

"Pua," Mzee akasema taratibu. "Nusa tena."

Akanusa tena. "Asali, Mzee. Sina shaka."

Hakimu akaegemea kiti chake, akaunganisha vidole. Nilimwona amefurahi, kama mtu aliyerudishwa kazini. "Chai," akaniita, "nenda jikoni. Lete glasi tatu, zivalishe soksi mpaka juu, zisionekane ndani. Moja tia siki. Moja mafuta ya taa. Moja tia maji matupu. Ananusa, haonji."

Aliyasema hayo mbele ya Pua, waziwazi, ila hakusema ipi itakuwa ipi. Pua akafumbua macho. Alinitazama mimi.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema Hakimu, huyu ni shemeji yangu, ana watoto. Nilikwenda jikoni. Nilitafuta siki kabatini, nikakinga mafuta kutoka kwenye taa ya akiba, nikafungua bomba la maji. Nilizivalisha glasi soksi vizuri, nikazikunja kingo. Kazi ikinipata huwa siifanyi ovyo.

Nilimwekea ile ya kwanza mbele yake. Akaisogeza puani, macho yako kwangu, anasubiri. Hakukuwa na matone ya kuhesabu. Angalau ningegusa sikio, ningekohoa, angeelewa. Ni mtu mwerevu. Nikatazama dirisha. Nje mtu alikuwa anaosha gari.

"Ni... ni maji," akasema.

Ilikuwa siki. Mimi niliyesimama hatua mbili ilinichoma macho. Hakimu alicheka hadi akavua miwani niliyomtengenezea mimi mwenyewe, akajifuta machozi. Mzee Pipa hakutaka kucheka, ila tumbo lilimsaliti, likaanza kuruka lenyewe.

"Ya pili!" Hakimu akasema.

"Inatosha," Daktari akasema.

"Ya pili."

Nikaleta mafuta ya taa. Pua aliishika glasi ile muda mrefu. Jasho lilikuwa limeingia kwenye kola. "Siki," akasema, kwa sauti ya mtoto anayebahatisha darasani, na wakacheka tena, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja kucheka mezani pale nikiwa upande wa wenye kucheka. Sikujua jinsi nilivyokuwa nimepatamani.

Ya tatu hakuigusa. Alilegeza tai.

"Sisikii kitu," akasema. "Sijasikia harufu tangu mwaka jana. Mke wangu akipita nyuma yangu sijui kama amepita. Nilidhani itarudi, Mzee. Kila asubuhi nafungua kopo la kahawa, nanusa, nadhani leo itarudi."

Kicheko kikakatika. Mzee Pipa akasimama, akauchukua mkataba kutoka kabatini, akaukunja mara mbili akautia mfukoni.

"Miezi yote hii umekaa mezani pangu unanidanganya. Ulikuwa unajuaje? Nani alikuwa anakusaidia?"

Hapo mimi nikawa nimeshika sinia kwa mikono miwili. Pua aliangalia kibomba changu cha kioo pale mezani. Kisha akaangalia sakafu.

"Hakuna," akasema. "Nilikuwa nabahatisha."

Nilidhani ni uungwana. Nilitembea nao wiki nzima huo uungwana wake, ukinichoma, nikawa nakosa usingizi. Baadaye nilipoelewa ndipo nilipopumua. Alikuwa ameshapiga hesabu pale pale mezani, na tai imelegea: nyumba imekwenda, na paa pekee lililobaki duniani la kuwaweka mke wake na watoto ni langu.

Walihamia mwisho wa mwezi. Niliwapa vyumba viwili vya nyuma ya duka, nilikokuwa nikiweka maboksi ya fremu. Mzee Pipa alisema kiti cha Pua hakiwezi kukaa kitupu, nikakaa mimi, Daktari sasa ndiye anayevisha soksi. Jumamosi ya kwanza nilibahatisha chupa mbili kati ya nne, wakanipongeza. Niliionja ya moshi ya Hakimu kwa mara ya kwanza tangu nifukuzwe, nikiwa nimeketi kama mtu, kwenye glasi yangu. Ilikuwa nzuri sana. Nilimeza nikageuka kumwonyesha mtu uso wangu, na Pua, mtu aliyekuwa akipenda kutazama nyuso pale, hakuwepo.

Mdogo wangu hakuniuliza kitu mpaka Jumapili moja mchana, tukiwa mezani wote, watoto wametoka. Alikuwa amekonda. Alikuwa anashona nguo za watu kwa ujira na vidole vimejaa matundu ya sindano.

"Kaka," akasema, "nieleze mara moja tu, nisiulize tena. Siku ile ulimpa matone mangapi?"

Pua aliacha kutafuna. Hakunyanyua kichwa.

Nilikuwa na nafasi. Hakukuwa na Mzee wala Hakimu, hakukuwa na kicheko cha kunipandisha, tulikuwa sisi watatu na sahani zetu. Nilimwangalia mdogo wangu machoni.

"Manne," nikasema. "Kama tulivyokubaliana."

Akamgeukia mumewe. Sijawahi kumsikia mdogo wangu akiongea vile na mtu yeyote.

"Manne! Kaka yangu amehatarisha jina lake kwa ajili yako, akakuwekea kila kitu mbele, na wewe ulichotakiwa kufanya ni kuhesabu. Kuhesabu hadi nne! Mtoto wa chekechea anahesabu hadi nne. Ulikuwa unafanya nini? Ulikuwa unajisifu, sivyo? Ulikuwa umegeuza shingo unachekesha watu!"

Na hilo la mwisho lilikuwa kweli, ndiyo maana lilimwingia. Pua alinyanyua macho akanitazama. Alinitazama kwa utulivu kabisa, muda wa kutosha mimi kuona kwamba alikuwa amehesabu vizuri, na kwamba alijua najua. Kisha akatazama vyumba vile viwili, vitanda vya watoto, cherehani ya mkewe chini ya dirisha langu.

"Ni kweli, mke wangu," akasema. "Nilipitiwa."

"Mshukuru Kaka."

"Asante, Shemeji."

"Usijali," nikamwambia, nikamwongezea mchuzi.